Kura ya Ryoba

Mwalimu Ryoba wa Bomani alikuwa na hadithi moja ya chuo kikuu, na aliitunza kuliko cheti. Kila harusi ya ukoo aliisimulia: kwamba siku yake ya pili tu chuoni alisimama mbele ya umati, akatamka sentensi moja, na kabla ya mwezi kwisha akawa waziri wa chakula katika serikali ya wanafunzi. Sentensi yenyewe hakuitaja kamwe. Watu walidhani ni nzito mno kwa harusi.

Ikafika zamu ya mpwa wake Nice kwenda chuo. Ryoba alikwenda Morotonga kumsindikiza, akakuta begi liko mlangoni na mwenye begi kajifungia chumbani. Dada yake Tabitha, mama wa binti, alikuwa amebembeleza mpaka sauti imemkauka. Kisa, Nice alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la wanaoanza chuo, akauliza "hosteri ziko wapi", akaletewa vicheko arobaini na jibu hata moja asipate. Basi la Mwanza lilikuwa limebakiza saa moja kuondoka.

"Mjomba, wewe urijaariwa urimi," alisema kutoka nyuma ya mlango. "Mimi nitachekwa miaka mitatu."

Dawa Ryoba alikuwa nayo, ila ilikuwa chungu kwake mwenyewe. Akinyamaza, binti anabaki nyumbani. Akisema, heshima ya miaka kumi na moja inakwenda na maji. Akavuta kigoda, akakaa, akasema kweli.

Siku ile chuoni alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu atoke Tarime. Kantini alikuta foleni ndefu, akaona awaombe wenzake atangulie kula. Lakini ulimi wa Mkurya na herufi l havijawahi kupatana.

"Nikasema, 'Ndugu zangu, naomba kura.'"

Foleni nzima iligeuka. Mmoja akamuuliza ana sera gani. Ryoba akajibu hana sera, ana njaa. Mwingine akataka kujua akipata atawafanyia nini. Akasema kwanza ashibe yeye. Wakashangilia mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko, maana hawakuwahi kuona mgombea mkweli namna ile, na kesho yake wakamsukuma akachukue fomu.

Sauti ya Nice ikasogea karibu na mlango.

"Na chakura je?"

"Niripata cha mwisho, kimepoa."

"Wakacheka?"

"Wanacheka mpaka reo. Ira ware ware wariocheka ndio nirikura nao miaka mitatu."

Mlango ukafunguka. Nice alitoka na macho mekundu, amebana midomo asicheke, ikamshinda.

"Mama, naomba kura. Niondoke nimeshiba."

Tabitha, uso mkavu kabisa, akanyoosha mkono juu. Kisha akamtazama kaka yake, akamsubiri. Ryoba, ambaye sasa hakuwa na hadithi ya harusini tena, akanyoosha na wa kwake.