Wimbo Unaongoja Jibu

Mwaka 1957, akiwa na miaka kumi na sita, Khairiya alikuwa hakosi onyesho la wanawake katika sinema ya Chake Chake, na kila mara alirudi nyumbani Tibirinzi na sauti za nyimbo za Kihindi kichwani. Maneno hakuyaelewa. Aliyatupa, akatia yake ya Kiswahili, na haukupita muda harusi za mjini zikawa hazikamiliki bila yeye. Kikundi cha taarabu cha Maalim Silima kikamweka mbele. Maalim alipiga fidla na kufundisha hesabu skuli. Alisema Khairiya anaimba vizuri kiasi, na kwa Maalim hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Baadaye tungo zake zilibadilika. Alifupisha mistari. Aliacha kutaja mwezi na nyota. Msimu wa karafuu wa 1961 alikwenda kuchuma kwa shangazi yake Kengeja, akarudi na wimbo ambao maneno na sauti vyote vilikuwa vyake.

Mazoezini aliimba mstari mmoja, akanyamaza. Maalim akaijaza nafasi ile kwa fidla.

"Hapo usipige, Maalim."

"Umesahau maneno?"

"Sijasahau. Nnangoja."

Wachumaji huimba hivyo. Mmoja hutoa mstari juu ya mti wake, kisha hungoja jibu kutoka mti wa pili.

"Harusini atakujibu nani?" Maalim aliuliza. "Mkarafuu?"

Wapigaji wakacheka. Khairiya naye akacheka, lakini kimya chake hakukiondoa.

Kikundi kilikuwa kimealikwa kuvuka kwa meli hadi Unguja kurikodi wimbo mmoja wa redio. Khairiya alitaka uwe huo. Maalim alitaka ule wa sauti ya Kihindi, ambao watu walikwisha kuupenda. Wakakubaliana Khairiya auimbe kwanza ule wake katika harusi moja ya Kengeja. Wanawake wakiinuka kumtunza kwa pesa, kama ilivyo desturi, wimbo utakwenda Unguja. Wasipoinuka, basi.

Siku ya harusi alitoa mstari wa kwanza, akangoja. Wageni walikaa kwa adabu, maana mwimbaji wa taarabu hakatizwi. Mstari wa pili, vilevile. Maalim aliinua uta wa fidla ili amwokoe, akamtazama usoni, akaushusha.

Baada ya mstari wa tatu jibu lilitoka nyuma ya nyumba. Bi Mwanapili, aliyekuwa akisimamia masufuria ya pilau, aliurudia mwisho wa mstari kwa sauti pana ya mtu aliye mtini, na wapishi wenzake wakamfuata.

"Imba, mwanangu!" akapaza sauti. "Hao wa huko mbele wamekaa kama wamekuja hitimani!"

Wageni wakaangua kicheko. Mstari wa nne waliuitikia wote, wengine wakichelewa, wengine wakiwahi, na ngoma ya dumbaki ikapotea njia. Khairiya aliwangoja kila mara hadi wamalize. Lakini kumtunza, hakuinuka hata mmoja. Wapishi mikono ilikuwa na mafuta, na wageni walikuwa wameshughulika kujibu.

Lorini, wakati wa kurudi, Maalim alikaa na sanduku la fidla mapajani.

"Hakuna aliyeinuka," alisema.

"Hakuna, Maalim."

"Na tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

Khairiya alijifunika buibui vizuri, akageuza uso kwenye mihogo ya kando ya njia. Maalim alifuta vumbi juu ya sanduku, akalifuta tena mahali palepale.

"Sharti nililiweka vibaya," alisema hatimaye. "Nilipima kitu sicho. Unguja atakujibu nani?"

Khairiya alimgeukia upesi. "Waitikiaji wetu, Maalim."

"Wetu hawajui kungoja." Akagonga bodi ya lori kwa kiganja. "Dereva, simama!"

Lori likasimama. Nyumba ya harusi ilikuwa bado inaonekana.

"Shuka, mwanangu," Maalim alisema. "Kamuulize Bi Mwanapili kama meli humtapisha."