Mwalimu wa Breki na Soko la Sarafu

Wanafunzi walimwita Mwalimu Polepole, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Hakuna aliyewahi kushika usukani wa gari lake dogo jeupe bila kuambiwa, "Polepole. Gari halina haraka, mwenye haraka ni wewe." Alikuwa na hotuba ya breki, hotuba ya kioo cha pembeni, na nyingine ndefu kuliko zote, juu ya watu wanaolipita gari la mbele kwenye kona wasikoona kitu. Lakini mganga hajigangi, na huyu wetu hata kidonge kimoja hakujipa.

Ilianza kwa video. Kijana wa miwani myeusi, ameegemea gari la kifahari, alieleza jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kununua fedha za nchi moja na kuuza za nchi nyingine kwenye simu yake, akavuna faida kabla chai haijapoa. Mwalimu Polepole, kwa jicho la kazi, aliona mara moja kwamba gari lile ni la kukodi. Aliliona hivyo, na maneno akayaamini vilevile. Baadaye, kila aliposimulia kisa hiki, hapo ndipo alipojicheka zaidi. "Gari nililitambua," angesema. "Dereva ndiye aliyenipiga chenga."

Akaanza na fedha kidogo, akapata. Akaongeza, akapata tena. Kichwa kikamvimba kama unga uliotiwa hamira. Akaanza kuvaa tai kazini, yeye ambaye kutwa alikuwa akijikunja ndani ya gari lisilo na kipoza hewa. Akawa analitaja soko kama mtu anavyomtaja mkwe msumbufu: leo limeamka vibaya, leo halitaki kuguswa. Walimu wenzake wakamwita Gavana, kwa kebehi, naye akaitikia kwa heshima zote.

Mkewe, fundi wa kushona mapazia, alimkuta jioni moja amesimama dirishani, simu ameiinua kama anayetafuta mwezi.

"Kuna nini, baba watoto?"

"Naangalia soko."

"Soko gani? Nyanya zimekwisha tangu jana."

Walikuwa na akiba, jasho la miaka, iliyowekwa kwa ajili ya kununua gari la pili ili waanzishe shule ndogo ya udereva iliyo yao wenyewe. Mwalimu akaomba aizungushe kidogo.

"Ikizunguka ikapotea njia?" mkewe aliuliza.

"Nitaiwekea breki."

Na kweli ilikuwapo breki. Unaiambia simu mapema: nikipoteza kiasi hiki, niuzie, nitoke. Aliiweka. Ikamtoa mara mbili kwa hasara ndogo, na mara zote mbili bei ikapanda alipokwisha kutoka. Akaona anadhulumiwa. Akaiondoa. Kisha akakubali mkopo wa kampuni iliyomuunganisha na soko, iliyomruhusu kununua kwa mara hamsini ya fedha aliyokuwa nayo. Maelezo yalisema wazi: bei ikipanda kidogo tu, faida yako ni kubwa, ikishuka kidogo vivyo hivyo, fedha yako yote inaondoka. Nusu ya pili aliisoma kwa mwendo wa mtu anayekimbilia basi.

Asubuhi ya msiba wake alikuwa na mwanafunzi aliyempenda kuliko wote, mkunga mstaafu aliyeamua kujifunza udereva baada ya kufiwa na mumewe, kwa kuwa gari la marehemu lilikuwa linaoza uani naye alikuwa bado na miguu miwili. Walimwita Bi Mkunga. Mbele yao, chini ya kioo, palibandikwa karatasi kwa mwandiko wa mwalimu mwenyewe: SIMU MARUFUKU. Simu ya mwalimu ilikuwa pajani.

Walipoingia mzunguko wa barabara, benki kuu ya nchi ambayo Mwalimu hajawahi kuikanyaga ilitangaza jambo kuhusu riba. Mstari wa bei kwenye simu ukainama. Mguu wa Mwalimu, bila kumuuliza, ukakanyaga breki ya upande wake. Gari likasimama katikati ya mzunguko. Nyuma yao lori likapiga honi ndefu.

"Nimekosea nini, mwalimu?"

"Hakuna, mama. Endelea."

Wakaendelea. Mstari ukainama tena, na mguu ukakanyaga tena. Mara ya tatu Bi Mkunga hakuuliza. Alitazama kioo, akawasha taa ya kushoto, akaliegesha gari kando vizuri kuliko alivyowahi kuegesha, akazima injini.

"Mwanangu, nimezalisha wanawake ujana wangu wote. Uso wa mtu mwenye uchungu naujua. Kuna nini?"

"Inashuka, mama."

"Nani anashuka?"

Akamwonyesha simu. Wakiwa wanaitazama wote wawili, ujumbe ukaingia, wa adabu kabisa, kumjulisha kwamba biashara yake imefungwa kwa sababu salio halitoshi. Bi Mkunga akawasha gari, akamrudisha ofisini. Mama huyo alidai baadaye kwamba hilo lilikuwa somo lake bora, maana hakuna aliyemhutubia.

Mwalimu alimwambia mkewe mchana uleule, akiwa amesimama kando ya cherehani kama mteja aliyekuja kulalamika.

"Yote?"

"Imebaki ya kununua matairi mawili."

"Ya gari gani?"

Mkewe akashona pindo lote, akalitazama, akalifumua, maana lilikwenda upande. Ndipo akasema, "Ungekuwa umemhonga mwanamke, ningejua mlango wa kwenda kugonga. Sasa niende nikagombane na nani? Na chati?"

Kwa siku kadhaa nyumba ilikuwa na adabu ya hospitali. Halafu ukaja ujumbe wa mtu aliyejiita mtaalamu wa kurudisha fedha zilizopotea sokoni. Alitaka ada ndogo tu, itangulie. Mwalimu Polepole aliusoma, akajiona anaandika, "Nipe maelezo zaidi." Akasita. Akainuka, akampelekea mkewe simu.

"Shika hii."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bado ni mjinga, na sijui ujinga utanitoka lini."

Tangu siku ile waliyoharibikiwa, hilo lilikuwa neno la kwanza lililomchekesha mkewe.

Wiki iliyofuata Bi Mkunga aliomba somo lao liwe la kwenda mjini, kwenye ofisi ya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, alikokuwa ameweka sehemu ya kiinua mgongo chake. Mwalimu akaingia naye. Alitegemea kuona watu wenye tai. Akakuta foleni, kiti kilichovunjika mkono, na karani aliyesema kama anasoma ratiba: fedha za watu wengi hukusanywa, hununua hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, na hisa za makampuni mbalimbali, na kila mtu anamiliki vipande kulingana na alichoweka.

"Na faida?" Mwalimu akauliza.

Karani akamtajia wastani wa miaka iliyopita. "Haiahidiwi. Thamani inaweza kushuka pia."

"Hiyo ni kwa mwezi?"

"Kwa mwaka, mzee."

Mwalimu nusura amwambie kwamba yeye faida kama hiyo alikuwa akiipata kabla ya chakula cha mchana. Akakumbuka kwamba fedha yote pia aliipoteza kabla ya chakula cha mchana, akafunga mdomo.

"Mimba ni miezi tisa, mwanangu," Bi Mkunga alimwambia wakitoka. "Hata ukipiga kelele. Na mimi sijaweka yote pale. Ya ugonjwa iko benki, naifikia siku yoyote."

Mwalimu na mkewe wakaanza upya hivyohivyo. Kwanza ya dharura, benki. Kisha kidogo kila mwezi kwenye vipande, siku ya mshahara, kabla mkono haujapata mawazo. Ada za shule za watoto hazikuguswa. Gari la pili likasogea mbali, likawa la miaka ijayo, na shule yao pamoja nalo. Mwezi mmoja thamani ya vipande ilishuka, Mwalimu akataka kuviuza vyote.

"Unazihitaji kesho?" mkewe akamuuliza.

"Hapana."

"Basi kaa."

Akakaa. Hakukaa vizuri, lakini alikaa.

Siku moja, saa ya chai, mwenzake anayefundisha alama za barabarani alimwomba asimulie kile kisa. Akakisimulia kwa mbwembwe zote: tai, lori, cherehani. Wote wakacheka. Walipotawanyika, mwenzake akabaki, anatafuna taratibu.

"Lakini mwanzoni ulipata, sivyo?"

"Nilipata."

"Mara ngapi?"

Mwalimu akamtazama. Uso ule aliujua. Alikuwa akiunyoa mwenyewe kwenye kioo kila asubuhi msimu mzima. Akavuta kiti karibu, akaanza tena tangu mwanzo, safari hii bila vichekesho, na alipofika kwenye hasara akataja kiasi chenyewe, ambacho hakuwahi kumtajia mtu zaidi ya mkewe. Mwenzake akaacha kutafuna.