Bakuli la Masikio Mawili

Mama mkwe alisema mjane harandirandi. Hakusema kwa ukali. Alisema huku akipepeta mahindi, macho kwenye ungo, kama mtu anayesema tu kwamba leo kuna upepo. "Kesho wazee wanakuja. Leo kaa nyumbani."

Leonida alijibu kwamba amesikia, mama. Kisha akavaa gauni lake la manjano, akafunga mlango, akapita mbele ya yule mama na kushika njia ya Homa Bay.

Kusikia alikuwa amesikia. Tangu mumewe Maxwell azikwe, kazi yake ilikuwa kusikia tu. Alisikia kwamba mwanamke aliyefiwa hawezi kupanda shamba kabla hajarithiwa na ndugu wa marehemu. Alisikia kwamba ndugu mwenyewe ameshapatikana: Boaz, binamu wa Maxwell, mwenye duka la mabati na misumari pale Rodi Kopany na wake wawili tayari. Alisikia kwamba Jumapili wazee watakuja kunywa chai na kumkabidhi. Hakuna aliyemuuliza yeye. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kurukia maneno, alikaa kimya akiwatazama, nao wakakichukua kile kimya kuwa ndiyo.

Sasa ilikuwa Jumamosi, na bado hakujua atasema hapana kwa mdomo gani ili isikike.

Tiketi zilikuwa za rafiki yake Metrine. Zamani waliuza mitumba pamoja. Siku hizi Metrine alikuwa mpishi katika hoteli moja kando ya ziwa. Kampuni fulani ya vinywaji ilikuwa imeikodisha bustani ya hoteli kwa tamasha la kuonja wiski, na wapishi walipewa nafasi ya kuja na mtu.

"Mimi wiski sijawahi," Leonida alimwambia getini.

"Kwani nani amewahi? Hawa wote unaona na miwani ya jua, nyumbani hunywa chang'aa. Ingia bana, tusikose viti."

Walipewa meza pamoja na wanaume wawili wauza injini za mashua, watu wazima wenye vitambi, ambao walikuwa wameanza kucheka kabla hata glasi hazijaletwa. Kiti kimoja kilibaki kitupu. Glasi zenyewe zilipofika zilikuwa na tumbo nene na mdomo mwembamba, na ndani yake wiski kidogo tu, ya kulowesha chini.

"Hii si imemwagika?" mmoja wa wauza injini, aliyevaa kofia, akauliza.

Mwenye kuwaongoza aliitwa Bwana Monari, kijana mrefu mwenye maiki. Alitembea kati ya meza akiwabembeleza watu. "Nuseni kwanza. Msikimbilie kunywa. Mnasikia harufu ya nini?"

"Mimi nasikia njaa," yule wa kofia akasema.

Wiski ya kwanza ilinukia sukari iliyoungua. Ya pili ilipokuja, Metrine alipeleka pua, akairudisha haraka. "Hii ni dawa ya kuogeshea ng'ombe."

Leonida alinusa. Alizaliwa Ogwedhi, kule Uriri, karibu na soko la mifugo, na kweli ilikuwa ile ile. Akacheka. Alicheka mpaka akaweka glasi chini, kicheko ambacho hakuwa amekisikia kifuani mwake tangu mazishi.

"Wengine huita harufu ya moshi na bahari," Bwana Monari akasema kwa upole.

"Bahari yenu ina kupe?" Metrine akamuuliza.

Leonida alikuwa bado anapangusa machozi ya kicheko pale kiti kitupu kilipovutwa kando yake. Akageuka. Boaz, na koti la suti, na marashi yaliyoishinda wiski. Alikuwa ameshaketi nusu kabla hajamwona, na sasa hakujua kama akae au asimame.

"Nyar Uriri," akasema, binti wa Uriri, akimwita kwa jina la kwao, kama familia yote ya mume ilivyomwita. Mengine aliyasema chini chini kwa Kijaluo: mama anajua kwamba uko hapa?

Leonida alimjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuagiza chai. "Anajua, shemeji. Nilimpita akipepeta mahindi."

"Na wako nyumbani wanajua uko hapa?" Metrine akamuuliza Boaz.

"Mimi nimekuja mambo ya biashara. Kujuana na watu."

"Sasa umetujua," akasema mwenye kofia, akamgongea glasi.

Boaz akatabasamu na kupeana kadi zake za duka. Wiski ya tatu ikaja, ikanywewa. Alizungumza na wauza injini kuhusu bei ya mabati, na hakumgeukia Leonida tena, ila mguu wake chini ya meza haukutulia.

Ndipo Bwana Monari akatoa lile bakuli. Lilikuwa la rangi ya fedha, bapa, lenye masikio mawili kama sufuria. Kila meza ikapewa lake. Akaeleza kwamba huko Skotilandi, inakotoka hii wiski, marafiki hunywa chombo kimoja, na mtu humpokeza mwenzake kwa mikono miwili ili kila mmoja aone kwamba mwingine hana kisu. Wiski iliyotiwa ndani ilikuwa ya mwisho, na ndiyo kongwe kuliko zote.

Bakuli likaanzia kwa wauza injini. Leonida alilitazama likija.

Kwao nyumbani, mjane ambaye hajarithiwa hanywi chombo kimoja na mtu. Wanasema amebeba kaburi mgongoni, na atakayenywa nyuma yake atashikwa na chira, laana ile inayomkausha mtu polepole mpaka nguo zimkatae. Leonida alikuwa na kikombe chake cha bati, kilichooshwa peke yake na kutundikwa peke yake. Hata kwenye harusi za watu alikibeba kwenye mkoba. Mwaka mzima hakuna mdomo mwingine uliokigusa.

Metrine alikunywa, akakunja uso, akampokeza.

"Pitisha," Boaz akanong'ona kwa Kijaluo, bila kugeuka. "Usiweke mdomo. Nipe tu, nitapeleka mbele."

Leonida alishika masikio yote mawili. Akanywa. Halikuwa funda la kuonja, lilikuwa funda la mtu mwenye kiu, na moto ukamshuka hadi tumboni. Kisha akamgeukia Boaz, akamnyooshea bakuli kwa mikono miwili kama walivyofundishwa.

Boaz hakunyanyua mkono.

"Pokea, bwana," mwenye kofia akasema. "Mkono wa mama utachoka."

"Haujachoka," Leonida akasema.

Bwana Monari akasogea na maiki yake. "Meza hii kuna shida?"

"Hakuna shida. Shemeji anaogopa bakuli." Aliendelea kwa Kiswahili kile kile, taratibu, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. "Mume wangu alikufa. Nyumbani wanasema nikinywa na mtu kabla ya kurithiwa, mtu huyo atakauka afe. Na wa kunirithi ni huyu. Kesho wazee wananikabidhi kwake."

Kicheko cha wauza injini kikakatika. Nao walikuwa watoto wa nyumba hizo hizo. Mwenye kofia alianza kutafuta kitu kwenye simu yake. Meza za jirani ziligeuka. Metrine akanyoosha mkono. "Leta nirudie mimi, haina maneno."

"Wewe ulishakunywa. Zamu ni ya Boaz."

Akangoja. Kungoja alikuwa amekuzoea. Alimtazama Boaz jasho likimtoka kwenye nywele, akalitazama koti lake, na zile kadi za duka zilizotapakaa mezani.

"Sinywi," Boaz akasema mwishowe, kwa Kijaluo.

"Sema kwa Kiswahili, watu wasikie."

"Nimesema sinywi."

"Sawa. Mwanaume asiyeweza kunywa nyuma yangu atawezaje kulala kwangu? Kwa nini chira iko kwenye bakuli na haiko kitandani?"

Mwanamke mmoja meza ya pili akapiga makofi mara moja, akaacha. Boaz akasimama, akakusanya kadi zake, ile iliyoanguka akaiacha. "Wazee watakuja kesho hata hivyo," akasema, na safari hii Kiswahili chake kilisikika vizuri.

"Waje. Watanikuta shambani, napanda. Anayetaka kuongea nami aje na jembe."

Akaondoka akipita kati ya mahema. Leonida aliliinua bakuli, akanywa yote iliyobaki, akakohoa hadi Metrine akampiga mgongoni.

"Inasikikaje, dada?" Bwana Monari akauliza. Alikuwa amezima maiki.

Leonida alifikiri kidogo, ulimi ukipita kwenye meno.

"Ni kali," akasema. "Ongeza."