Utepe Unaonuka Moshi

Nishani ile ndiyo ya juu kuliko zote nchini, na ina desturi yake. Haivishwi na mkubwa; huvishwa na mnyonge mmoja aliyetendewa wema na huyo anayetunukiwa. Mwaka huu mtunukiwa alikuwa mwenye kiwanda cha magodoro, na mnyonge aliyeteuliwa alikuwa mshonaji wake, binti mpole asiyeweza kumkemea hata paka.

"Ni kwa ujasiri wa kuwaokoa wafanyakazi wake motoni," afisa wa itifaki alimweleza wakati wa mazoezi. "Ukishamvisha, unainama, halafu unasema: 'Asante, baba, kwa kutupa uhai.' Sema vizuri, kipaza sauti kitakuwa kifuani mwake."

Mshonaji aliitikia kwa kichwa. Siku ya moto mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, kwa amri ya bosi, eti wasiibe vitambaa. Aliyeuvunja ni mjomba wake, msimamizi wa zamu, akiushika ule mlango wa chuma uliokwisha kuwa kaa la moto. Wenzao wawili hawakutoka. Bosi alifika moto umeshazimwa. Akajimwagia maji shati lilowe, akambeba mpishi wa kantini, ambaye alikuwa akitembea vizuri tu, akapigwa picha.

"Haya, tujaribu," alisema afisa.

Bosi akainamisha kichwa. Utepe wa nishani ulishuka mpaka masikioni, ukagoma. Mshonaji akauvuta taratibu, ukagoma vilevile.

"Kichwa kikubwa, nifanyeje!" Bosi alicheka, na jasho lake lililochanganyika na marashi likampanda binti puani. "Lakini mwanangu huyu ni fundi. Utaongeza kipande hapo nyuma, kola itakifunika. Au siyo, mama?"

Akampigapiga shavuni. Kiganja kilikuwa laini kama unga uliokandwa, hakina kovu hata la kusingiziwa.

Nyumbani alimkuta mjomba ameketi dirishani, mikono mapajani, vidole vimeshikana kama vimeyeyushwa pamoja. Akamlisha supu kwa kijiko, akimweleza yote.

"Nitakataa, Mjomba."

"Kumvisha? Kamvishe tu. Hiyo ni kazi, kama kushona foronya."

"Na ile asante?"

Mjomba alimeza polepole. "Asante siyo kazi, mwanangu. Hiyo usimpe. Utawaambia nini wale waliobaki ndani?" Kisha mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko. "Kilemba cha ukoka nimewaona wengi wakivishwa. Lakini cha dhahabu, tena kikakwama masikioni! Una kitambaa cha kuongezea?"

"Sina kinacholingana."

"Kata mkanda wa aproni yangu ya siku ile ya moto."

Aproni ile binti alikuwa ameifua kwa kila sabuni. Harufu ya sponji iliyoungua haikutoka. Binti alimtazama mjomba wake, kisha akachukua mkasi. Alishona kwa mishono midogo, nadhifu, kama anamshonea bibi harusi.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa suti na kofia. Bosi akainama, safari hii utepe ukapita, ukatulia shingoni. Shingo ilikuwa na joto, na joto likaiamsha ile harufu. Bosi akakunja pua.

"Mbona kuna kitu kinanuka?" alinong'ona. Kipaza sauti hakijui siri. Ukumbi mzima ukasikia.

Afisa wa itifaki alikuwa akimpungia binti mkono: sema, sema! Ile asante ilikuwa pale pale kwenye ulimi, rahisi, ya kumfanya asifukuzwe kazi. Akafungua mdomo.

"Ni mlango wa nyuma, bosi," alisema. "Ule uliokuwa na kufuli."

Bendi ikaanza kupiga kabla ya wakati wake, wakubwa wakapiga makofi, na bosi akatabasamu kwa ajili ya picha huku pua ameikunja vilevile. Mpishi wa kantini, aliyeketishwa mbele kama ushahidi, hakupiga makofi. Alikuwa ameinamisha uso kwenye kanga yake.

Binti alishuka jukwaani bila kuinama. Alipofika nyumbani alinawa mikono mpaka viwikoni, akanawa tena, ndipo akashika kijiko.

"Mjomba, kesho sina kazi."

"Najua. Nimekusikia redioni." Mjomba akafungua mdomo kama kinda. "Nipe supu, mwanangu, inapoa."