Vibanio Kumi na Kimoja

Kazi yangu ni kupiga picha za mitindo, na siri ya kazi hii iko mgongoni mwa mwanamitindo. Nguo huja za saizi moja, miili huja ya kila namna. Basi nazunguka nyuma, navuta kitambaa, nabana kwa vibanio vile vile vya kuanikia nguo kambani. Mbele gauni linatulia utadhani mwanamitindo kashonewa akiwa ndani yake. Nyuma ni kichekesho. Wapiga picha wote tunafanya hivyo na hakuna anayesema. Sikuwahi kuona ni uongo. Niliona ni kazi.

Nilianzia chumbani kwa dada yangu, fundi cherehani, aliyenilea baada ya wazazi kututangulia. Yeye anashona, mimi nampiga mteja picha mlangoni kabla hajaondoka na nguo yake. Picha hizo zikanipeleka mji wa kwanza, mji wa kwanza ukanipeleka wa pili, na tangu hapo dada hajaniita jina langu. Ananiita Kiguu na Njia. Miaka ishirini na miwili nimelala hotelini zaidi kuliko kwangu. Kuna miji siijui hata mtaa mmoja kwa jina, lakini nitakwambia dirisha lipi linapata mwanga mzuri na saa ngapi. Kila jarida lililotoka na picha yangu nilimtumia dada. Kwa hilo nilijiona ndugu wa maana, nisikufiche.

Mwaka jana nilirudi nikamkuta kabaki na zipu na pindo za suruali.

"Magauni sikati tena," alisema, kama mtu anayekwambia hali nyama. "Nimekubali. Mkono wangu haufiki huko."

Iliniuma. Huyu ndiye fundi niliyekuwa nikijisifia mbele ya wenye maduka ya vioo. Nikamganda mhariri wa jarida moja mpaka akachoka, akanipa kurasa mbili: gauni moja, la dada, na jina lake chini. Dada alikataa siku tatu. Siku ya nne akaomba vipimo vya mwanamitindo. Likitoka vizuri, nilijua, atarudi kwenye mkasi. Likiharibika, basi tena. Hatashika chaki mpaka anaingia kaburini.

Vipimo tulivyotumiwa kumbe vilikuwa vya mwaka juzi. Binti alipofika chumbani kwa dada, tulikopanga kupigia picha, gauni la kijani likampwaya. Dada nilikuwa nimemwambia akakae uani. Sipendi fundi karibu nikiwa kazini, hata akiwa wa tumbo moja. Wala sikujiuliza. Nikazunguka nyuma, nikabana kuanzia begani hadi kiunoni, nikarudi kwenye kamera. Likakaa barabara.

Ndipo dada akaingia kwa mlango wa nyuma kufuata miwani yake, akasimama mgongoni mwa binti.

"Usigeuke, mwanangu," alimwambia. Akavihesabu kwa kidole. "Kumi na kimoja."

"Vipimo vilikuwa vya zamani," nikasema. "Kosa si lako."

Alikuwa anatazama ukutani, juu ya cherehani, alikobandika kurasa zangu zote, nyingine zimeshapauka.

"Na yule wa gauni jeupe?"

"Naye."

"Na huyu mwenye mkanda?"

"Wote, dada."

Akaenda kwenye sanduku la bati, akatoa gauni jeupe alilolishona zamani kwa kuiga ile picha yangu. Akaligeuza ndani nje, akaniwekea mikononi. Kando ya mshono kulikuwa na matundu ya sindano, mstari baada ya mstari, kila mmoja umeingia ndani zaidi ya mwenzake.

"Nimelifumua mara nane," alisema. "Mteja mara ya kwanza tu aliniambia limemkaa. Nikamwambia hujui wewe, nikamwonesha picha ya mdogo wangu. Nikapunguza, nikapunguza, mwisho akaniachia gauni, maana hapumui ndani yake." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Miaka yote hii, Kiguu na Njia, nilidhani sijui kukata."

Niliona aibu.

"Nisamehe, dada."

"Nikusamehe nini? Wewe ulikuwa kazini."

Akavitoa vibanio kimoja kimoja, akavitumbukiza mfukoni mwangu. Akampima binti upya, akamwambia avue apumzike, yeye apewe saa moja.

"Mwanga utaondoka," nikasema.

"Uende. Si kila mji una dirisha?"

Akachukua chaki, akachora mstari mpya kwenye lile gauni la kijani, na safari hii hakuinua macho ukutani. Kisha akanipa wembe.

"Na wewe usikae bure. Fumua hilo jeupe, halafu weka pini kwenye matundu ya mwanzo kabisa."

Nikakaa sakafuni nikafumua. Mwanga ukaondoka kweli, ikabidi tuwashe taa. Matundu ya mwanzo niliyafuata kwa kidole kutoka kwapani hadi kwenye pindo, nikichomeka pini. Yalikuwa yamenyooka yote.