Uzi wa Nane

Gitaa lilipotolewa kwenye mfuko, kitu cha kwanza Elinaza alichokiona ni shingo. Ilikuwa pana kupita shingo ya gitaa lolote alilowahi kulishika, na juu yake nyuzi nane zimelala sambamba, wa kwanza mwembamba kama unywele, wa mwisho mnene kama waya wa breki ya baiskeli. Alilipakata akashangaa uzito wake. Mwili ulikuwa wa mgrivea, shingo ya mninga, na rangi hakutaka. Alitaka mishipa ya mbao ionekane. Hata harufu ya vanishi ilimfurahisha.

"Usilipige kwanza," Fundi Hezroni alimwambia. "Lishike tu, likuzoee."

Hezroni alikuwa seremala wa Same mjini, mtu wa maneno mengi. Kila alichokitengeneza, kuanzia vitanda mpaka majeneza, alikisifia kana kwamba ni mwanawe aliyechaguliwa kwenda chuo kikuu. Magitaa ya kawaida alikuwa ameshatengeneza kadhaa, lakini la umeme lenye nyuzi nane hilo lilikuwa la kwanza. Ni Elinaza aliyempelekea picha kwenye simu, akamchorea vipimo, akaagiza sumaku za kunasa sauti kutoka Dar, na akawa anashuka kutoka kwao Mamba, mlimani, mara kwa mara kumsumbua.

Hakuwa na wazimu, ingawa baba yake aliamini hivyo. Kwaya yao ya Kilutheri kule Mkongea, kijijini kwao, ilikuwa imempoteza mpiga besi, kaoa Moshi na hakurudi tena. Elinaza akaona badala ya kumtafuta mtu mwingine, atafute gitaa moja linaloweza kufanya kazi ya mawili: nyuzi za juu zipambe wimbo, nyuzi za chini zishike besi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajaoa, analima tangawizi kama kila mtu, na kwaya hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake. Wengine wana mpira, yeye alikuwa na kwaya.

Walilichomeka kwenye spika. Nyuzi za juu zililia vizuri, safi, tamu. Kisha akaugusa ule wa nane. Huo haukulia, uliunguruma. Vumbi la mbao lililokuwa mezani likaanza kutembea, misumari ikagongana ndani ya kopo, na Elinaza akausikia mngurumo tumboni kabla haujafika masikioni.

"Hiyo ndiyo sauti!" Hezroni akacheka, akapiga makofi.

Elinaza naye alicheka. Alilipenda gitaa lile papo hapo, kama watu wanavyopenda bila kuuliza. Na tuseme ukweli, aliliogopa kidogo.

Nyumbani alipokelewa kwa maneno. "Nyuzi nane?" baba yake aliuliza. "Sita zilikuwa zimeshakuelemea, sasa unaongeza?"

Mzee Tumainieli alikuwa mwenyekiti wa ndiva. Ndiva ni lile bwawa la mawe ambalo Wapare wamekuwa wakilijenga mlimani tangu enzi za mababu: jioni unaziba tundu, maji ya kijito yanajaa usiku kucha, asubuhi unazibua, watu wanamwagilia kwa zamu. Ndiva ya Mkongea ilikuwa juu ya nyumba yao, mwendo mfupi tu wa kupanda. Mwaka uliopita mzee aliitisha msaragambo, watu wote wakatoka kufanya kazi ya pamoja, wakainua ukuta wake kwa mawe na saruji ili uchukue maji mengi zaidi. Bwana umwagiliaji wa wilaya alikuwa ameomba wamsubiri aje apime kwanza. Mzee hakusubiri. Ukuta ukasimama, tangawizi ikastawi, na tangu hapo mzee alitembea kifua mbele, na hapakuwa na kikao ambacho hakuutaja ukuta wake. Ungedhani ameujenga peke yake.

Chumba cha Elinaza kilikuwa nyuma ya nyumba, pale walipochimba mlima kupata nafasi ya kujenga, kiasi kwamba ukuta wake wa nyuma ulikuwa umeegemea mwamba. Hapo ndipo aliposimamisha gitaa, kichwa chake kikigusa ukuta. Mvua za masika zilikuwa zimeanza, na zilianza kwa fujo.

Kulipopambazuka aliamshwa na mngurumo. Ulikuwa mdogo, wa chini kabisa, hauna mwanzo wala mwisho. Alidhani amesahau kuzima spika. Akaangalia: spika imezimwa, waya hata haujachomekwa. Akaunyoosha mkono kwenye gitaa. Uzi wa nane ulikuwa unatetemeka wenyewe. Alipouminya ulinyamaza, alipouachia ukaanza tena, taratibu, na nywele zikamsimama.

Akampigia simu Hezroni, bila hata salamu. "Fundi, umeniuzia kitu gani? Gitaa linaunguruma lenyewe."

"Wewe mbona unanivunjia heshima asubuhi asubuhi?" Hezroni akawaka. "Gitaa langu halina ubaya wowote. Kaitazameni hiyo nyumba yenu!"

Akakata simu. Ilikuwa ni hasira tu, lakini maneno yale yalibaki kwa Elinaza. Alilibeba gitaa akalipeleka sebuleni: kimya. Akalirudisha kwenye ukuta wa nyuma: mngurumo. Akaweka kiganja ukutani, hakuhisi kitu. Akaweka shavu. Hapo akahisi, kwa mbali sana, kitu kama pumzi ya mgonjwa. Muda huohuo baba yake alikuwa amepanda kuzibua ndiva. Maji yalipoanza kushuka mfereji mkuu, uzi wa nane ukalegea, ukafifia, ukatulia.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Ndiva ikijaa, uzi unaunguruma. Ndiva ikizibuliwa, uzi unanyamaza. Elinaza akapanda mwenyewe kwenda kutazama. Ukuta ulionekana mzima, mweupe, wa kujivunia. Lakini chini kabisa, pale mawe ya zamani yalipokutana na saruji mpya, maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, na hayakuwa maji safi. Yalikuwa mekundu, yamebeba udongo. Ukuta ulikuwa unaliwa kutoka ndani. Akashuka mbio karibu aanguke.

"Ndiva zote hutoa jasho," baba yake alisema. Alikuwa anakula makande, hata hakuinua kichwa. "Babu yangu aliziona zikitoa jasho."

"Baba, ni matope, si jasho. Na ukuta unatetemeka."

"Umeuona unatetemeka?"

Hapo ndipo Elinaza alipokosea. Angesema ameuona, yangekwisha. Lakini alikuwa mkweli, na wakweli wana ujinga wao. "Sijauona, baba. Ni gitaa limeniambia. Ule uzi mnene unalia wenyewe ndiva ikijaa."

Mama Faustina, mama yake, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, akasimamisha ungo. "Unalia wenyewe? Bila kuguswa?"

"Ni mtetemo tu, mama. Unapitia kwenye mwamba."

Mama yake hakuusikia mwamba. Alisikia kwamba ndani ya nyumba yake kuna kitu kinalia bila kuguswa. Baba yake akacheka mpaka makande yakampalia. "Mwenyekiti wa ndiva ni mimi," alisema alipopata pumzi, "sasa nimepata katibu wa mbao."

Jumapili mama alimkaribisha Mwinjilisti Filipo chakula cha mchana. Alisema ni ukarimu tu, lakini Elinaza alijua ni kwa ajili ya gitaa. Mvua ilikuwa imenyesha bila kukata, hakuna aliyehitaji kumwagilia, na tangu Ijumaa tundu la ndiva halikuwa limezibuliwa. Alikuwa amemwomba baba yake kila siku akazibue. Usiku wa kuamkia siku hiyo walishindana mpaka mzee akakifungia chuma cha kuzibulia chumbani kwake na kuweka ufunguo mfukoni. Asubuhi ile uzi ulikuwa unasikika mpaka jikoni, hata sauti ya mvua juu ya bati haikuweza kuufunika. Elinaza hakuwa amefumba jicho.

Mwinjilisti alisimama mbele ya gitaa akiwa na Biblia yake, na uso wake, licha ya imani, ulibadilika rangi. "Shikamoo, Mwinjilisti," Elinaza alisema. "Naomba tupande wote ndivani. Ukiona kwa macho yako, baba atakusikiliza."

"Marahaba, mwanangu. Kwanza tuombe."

Waliomba. Mwinjilisti alikemea kwa sauti kubwa, mama akilia, baba amesimama mlangoni akiwa amefumba macho kwa adabu tu. Maombi yakapanda, yakapamba moto. Na katikati ya kemeo moja, ghafla, uzi wa nane ukanyamaza.

"Haleluya!" Mama Faustina alipiga vigelegele. Mwinjilisti mwenyewe alishtuka, kisha akatabasamu, akafuta jasho. Hata baba alitikisa kichwa kwa mshangao. Ilikuwa furaha kubwa. Mama akakimbilia jikoni kupakua kuku.

Elinaza aliweka shavu ukutani. Ile pumzi haikuwapo. Alimgeukia baba yake. "Baba, kuna mtu amekwenda kuzibua?"

"Nani akazibue? Chuma ninacho mimi."

Kwa hiyo maji yote yalikuwa bado kule juu, na ukuta umeacha kutetemeka. Ukuta hauponi wenyewe. Kama umeacha kusukumana na maji, ni kwa sababu umeshakata tamaa.

"Tutoke," Elinaza alisema. "Tutoke wote sasa hivi, tuelekee upande wa kanisani. Ukuta unakuja."

"Ukuta wangu tena?" baba yake alifoka.

"Kijana, Bwana ametenda," Mwinjilisti alisema kwa upole. "Si limenyamaza? Usiwe na mashaka."

Mama aliingia na sinia. Kuku alikuwa anatoa mvuke. Elinaza aliwatazama wote watatu na akaona kwamba kwa ajili ya ukuta hawatatoka. Atawavuta, watamshika; atapiga kelele, watamwombea. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo wangelikimbia bila kuuliza. Alilijua, na alijua litamgharimu nini, na moyo ulimuuma kana kwamba tayari limeshatokea.

"Nimewadanganya," alisema. "Nililipeleka gitaa kwa mganga, kule Bendera. Niliwekewa kitu ndani yake, ili nipate jina. Hakikuondoka kwa maombi. Kimetoka kwenye gitaa, kimeingia humu ndani. Kimo humu sasa hivi!"

Sinia lilianguka. Mama Faustina alitoka nduki kwenye mvua huku akiliita jina la Yesu. Mwinjilisti, Mungu amsamehe, alikuwa ameshamtangulia. Baba ndiye aliyebaki, macho mekundu, akitafuta fimbo yake. "Mganga? Katika nyumba yangu?"

"Katika nyumba yako, baba!" Elinaza alimjibu kwa makusudi, kwa ujeuri ambao hakuwahi kuwa nao, kisha akakimbia. Alitaka baba amkimbize mpaka nje. Alikata njia ya kando ya mlima, mama na Mwinjilisti wakiwa mbele, na nyuma yake alimsikia baba akihema na kulaani. Fimbo ilimpata mgongoni mara moja. Walikuwa wamefika kwenye migrivea ya kanisa mlima ulipotoa sauti.

Maji yalishuka yakiwa na mawe, saruji na miti. Nyumba haikubomoka, iliondoka tu, na gitaa likiwa ndani yake. Kisha yakaingia kwenye mashamba ya tangawizi, ya kwao na ya watu, yakayasomba mpaka korongoni. Hakuna aliyekufa. Mzee Tumainieli alisimama na fimbo mkononi, akitazama mahali ukuta wake ulipokuwa. Kisha akamtazama mwanawe kwa muda mrefu, na Elinaza akaona kwamba amemwelewa: mganga hayupo, hakuwahi kuwapo. Alidhani baba atamkumbatia. Mzee alishusha macho.

Mvua ilipopungua watu walikusanyika nje ya kanisa, wamelowa, wamepoteza msimu mzima, na wana hasira isiyo na pa kwenda. Mwinjilisti aliwaeleza alichokisikia, kwa masikitiko, bila kuongeza wala kupunguza. Minong'ono ikaanza. Mwalimu wa kwaya akasogea mbali na Elinaza.

"Nilisema uongo," Elinaza alisema kwa sauti. "Nilisema ili watoke. Ukuta ulikuwa unatoa matope tangu mwanzo wa wiki, na baba nilimwambia. Baba, waambie."

Watu wote wakamgeukia mwenyekiti wao. Mzee Tumainieli alivua kofia, akaikamua maji, akaivaa tena. Mama Faustina alikuwa amemshika mwanawe mkono, naye pia alikuwa anasubiri.

"Mimi ninachojua," mzee alisema, "mwenyewe amekiri kwa kinywa chake, mbele ya Mwinjilisti."

Mama akauachia mkono.