Shokapu za Nyuma

Simwamini fundi anayetikisa kichwa kabla hajaingia chini ya gari. Huyu alianza kutikisa hata injini sijazima.

"Mama, shokapu zimekufa," akasema. Akalibonyeza gari kwenye kona ya nyuma kwa mikono miwili, akaliachia. Gari letu la siti saba likadunda, likadunda tena, na lilikuwa bado linadunda yeye anafuta mikono kwa tambara. "Za mbele zinavumilika. Za nyuma hamna kitu."

Akataja bei. Nikamwomba airudie, nikidhani amejumlisha na injini. Ilikuwa ada ya mtoto mmoja ya muhula mzima.

"Fundi, hapa umekosea mtu," nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa. Jirani yangu aliwahi kurudishiwa shokapu zake zile zile kuukuu, zimepakwa rangi nyeusi na kufutwa mafuta, akazilipia kama mpya. Kwa hiyo mkobani nilikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, nitie alama kila kitakachofunguliwa. Fundi aliniona nikipiga magoti na brashi yangu karibu na tairi akacheka mpaka akakaa.

Mume wangu hakujua kama niko pale. Alikuwa kitandani, mgongo umemkamata, na alisema ni kiti cha ofisini. Kila nilipolalamika kwamba gari linaturusha, alinijibu kuwa barabara ni mbaya. Kuliosha, hakumwachia mtu. Kila jioni alitoka na ndoo na kitambaa, akainua hadi mazulia. Nilikuwa nikijisifu kwa mashoga zangu kwamba mimi nimepata mume msafi.

"Hili gari linabeba nini?" fundi akauliza kutoka chini.

"Watoto watatu na mama mkwe. Na mama mkwe ni mwembamba."

"Siyo hao. Springi zimelala kabisa." Akatoka, akafungua mlango wa nyuma. "Ona bolti za hivi viti. Zinang'aa. Viti vinatolewa na kurudishwa kila siku." Akapitisha kidole chini ya reli ya kiti, akanionyesha. Kidole kilikuwa cha kijivu. "Saruji hii, mama."

Pale pale nikaacha kumshuku fundi. Shaka yangu ilihama, ikaenda kulala chumbani kwangu. Mtu anayebeba saruji anajenga, na sisi hatujengi hata banda la kuku. Basi anamjengea nani? Nikamwona kabisa huyo mwanamke, na baraza lake, na vigae alivyovichagua mwenyewe.

"Saruji inauzwa wapi karibu na hapa?"

Fundi akanionyesha duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara. Nilivuka hata sikuangalia magari.

Muuzaji, jamaa mnene mwenye penseli sikioni, hakuningoja niseme. Alikuwa anaangalia nyuma yangu, kule gari letu lilikokuwa juu ya jeki.

"Kumbe gari la Bwana Tai limeharibika! Ndiyo maana hatumwoni."

"Bwana Tai ndiye nani?"

"Mwenye gari hilo. Wewe unamfahamu?"

"Kidogo," nikasema. "Anajenga wapi?"

"Ajenge na nini, dada yangu? Anabeba mizigo ya watu kwa malipo. Kazini walimpunguza, na hapendi kuizungumzia. Asubuhi anafika na tai shingoni, anaivua, anaikunja, anaiweka hapa kwenye kaunta yangu. Viti anaviacha stoo, anapakia saruji. Jioni anarudisha viti, ananawa, anaomba kioo afunge tai yake. Sisi tunamtania. Tulimwambia, si uje na fulana tu, bwana? Akasema nyumbani wanapenda kumwona anatoka hivyo."

Anayependa ni mimi. Ni mimi ninayeinyoosha ile tai mlangoni kila asubuhi na kumwambia, "Nenda, bosi." Nililia mbele ya ndoo za misumari, kwa aibu, na kwa hasira pia, maana duka zima lilimjua mume wangu kuliko mimi. Muuzaji akanisogezea kigoda, akajifanya anahesabu makufuli.

Nikarudi kwa fundi.

"Kuna shokapu za mizigo zinazoingia humu?"

"Zipo, na springi zake nene. Ila bei yake, mama, inapanda."

Nilimbana bei mpaka akaniomba niwe dalali wake, kisha nikatoa fedha niliyokuwa nimeweka ya cherehani mpya. Alipomaliza kufunga, nilipiga magoti tena na kile kichupa changu. Safari hii fundi hakucheka.

Jumamosi mume wangu alipata nafuu, akachukua ndoo yake. Nilimwangalia kupitia dirisha la jikoni. Aliegemea kona ya nyuma, gari likagoma kubonyea. Akalisukuma tena. Akainama taratibu, mkono mmoja kiunoni, akachungulia nyuma ya tairi. Kwenye shokapu mpya nilikuwa nimeandika kwa rangi ya kucha: TAI.

Alikaa amechutama hadi nikaogopa mgongo umemkamata tena. Kisha akaingia jikoni, mikono inachuruzika maji.

"Nani kakwambia?"

"Gari," nikasema. "Wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Nilikuwa nangoja nipate kazi nyingine, ndipo nikwambie."

Nilikuwa na maneno mengi makali nimeyaweka tayari. Nilimpa kitambaa afute mikono.

Jumatatu alisimama mlangoni na fulana kuukuu, hajui aangalie wapi. Mkono wangu ulipanda shingoni kwake kwa mazoea, haukukuta kitu cha kunyoosha. Nikachukua mkanda wa mgongo niliomnunulia, nikamfunga kiunoni, nikaukaza.

"Nenda, bosi," nikamwambia.